Jukwaa Liko Ngomeni, Kibali Kiko Wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uhandisi wa anga, mzaliwa wa Malindi. Tangu utotoni nimesimuliwa kwamba roketi zilirushwa baharini pale Ngomeni, na sasa darasani nasoma kwamba ikweta ndiyo mahali bora zaidi pa kurushia. Hata hivyo Taifa-1, setilaiti yetu ya Kenya, ilikwenda kurushwa California. Mikataba inasema anga za juu ni za binadamu wote. Je, usawa huo upo, au ni maneno ya mikutanoni? Na mimi ninayejua hesabu lakini sijui sheria, nitausaidia vipi? Je, nifunge safari nikasome ng'ambo?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na ikweta, kwa sababu hapo ndipo hesabu yako na malalamiko yako vimesukwa pamoja, na usipovifumua mapema unaweza kutumia miaka mingi ukidai kitu ambacho, hata ukipewa, hakitakufikisha unakotaka.

Unalosoma darasani ni kweli, ila si kweli kwa kila safari. Dunia inapojizungusha, mtu aliyesimama kwenye ikweta hubebwa kuelekea mashariki kwa kasi ya mita 465 hivi kwa sekunde, ilhali aliyeko Baikonur, kituo cha kurushia roketi kule Kazakhstan, kwenye latitudo ya nyuzi 46, hubebwa kwa mita 323 tu. Roketi inayoelekea mashariki huondoka na kasi hiyo mkononi kabla haijachoma hata tone moja la mafuta. Faida ni kubwa zaidi kwa setilaiti za mawasiliano zinazokwenda kukaa juu ya ikweta yenyewe, kwenye kimo cha kilomita 35,786, ambako huonekana kana kwamba zimesimama juu ya mahali pamoja, kwa kuwa roketi iliyorushwa kutoka kaskazini hulazimika baadaye kuulaza mzingo wake mpaka ulingane na ikweta, na kugeuza mwelekeo wa kitu kinachokwenda kilomita kadhaa kwa sekunde ni kazi inayokula mafuta vibaya. Ndiyo sababu Wafaransa walikwenda kujenga Kourou, kule Guyana ya Kifaransa, nyuzi 5 tu kaskazini mwa ikweta, na ndiyo sababu Waitalia, wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio, walilikokota jukwaa la San Marco mpaka mbele ya Ngomeni, chini ya nyuzi 3 kusini, na kuanza kurusha setilaiti hapo mwaka 1967.

Sasa itazame Taifa-1. Ni setilaiti ya kupiga picha za ardhi, na setilaiti za aina hiyo karibu zote huwekwa kwenye mzingo unaopita jirani na ncha za dunia, wenye mwinamo, yaani pembe kati ya mzingo na ikweta, wa nyuzi 97 na ushei, ili kila mahali papigwe picha saa ileile ya mchana na vivuli visidanganye. Mzingo huo umeegemea magharibi kidogo. Kwa hiyo zile mita 465 za ikweta hazikusaidii tena, zinakuwa deni la kulipwa kwanza. Nimepiga hesabu hiyo kwa kimo cha kilomita 500, nikailinganisha Ngomeni na Vandenberg ya California, ambako Taifa-1 iliondokea tarehe 15 Aprili 2023, na tofauti niliyoipata ni mita chache tu kwa sekunde, na hata hizo chache si kwa faida yetu. Ipige na wewe. Haizidi ukurasa mmoja. Ongeza kwamba Taifa-1 ni kijisanduku cha sentimita 10 kwa 10 kwa 34 hivi, kilichopanda roketi moja na mizigo mingine hamsini hivi, mtindo ambao kampuni ya SpaceX iliutangazia bei mwaka 2019 ya dola milioni 1 kwa mzigo wa hadi kilo 200. Kwa kijisanduku kama hicho hakuna mtu mwenye akili timamu angefufua bandari nzima ya roketi. Kwenda California hakukuwa dhuluma. Ni kama mtu wa Lamu anayepanda basi la Mombasa kwa kuwa ndilo linalokwenda.

Ila usiitupe ikweta. Tarehe 9 Desemba 2021 Wamarekani walirusha setilaiti ya kupima miale ya eksi iitwayo IXPE, yenye uzito wa kilo 330 hivi, iliyopaswa kukaa kilomita 600 juu, karibu kabisa na mstari wa ikweta. Waliirusha kutoka Florida, kwenye latitudo ya nyuzi 28 na nusu. Ukihesabu gharama ya kuulaza mzingo huo kutoka nyuzi 28 na nusu hadi sifuri kwenye kimo hicho, utapata kilomita 3.7 hivi kwa sekunde, karibu nusu ya kasi yenyewe ya kuwa kwenye mzingo, na ndiyo maana kilo hizo 330 zilipewa roketi nzima ya Falcon 9. Kutoka Ngomeni gharama hiyo ingekuwa ndogo sana. Jambo la pili, ambalo kwangu lina uzito zaidi: tangu ilipoanza kazi, setilaiti hiyo hushusha data yake Malindi, kwa sababu kila inapomaliza mzunguko hupita juu ya antena zetu. Kinyume chake, setilaiti ya mzingo wa ncha kama Taifa-1 huonekana Malindi mara nne hivi tu kwa siku, ilhali kituo cha Svalbard, kule barafuni, huiona kila mzunguko. Kwa hiyo ikweta ina thamani yake, lakini thamani hiyo iko kwenye aina fulani ya mizingo na kwenye kusikiliza, kuliko ilivyo kwenye kurusha kila kitu.

Hapo ndipo niliposhawishika, baada ya miaka mingi ya kazi ya vituo vya ardhini, kwamba tunachokikosa si jukwaa. Tunakosa kibali, nikimaanisha haki iliyoandikwa, yenye tarehe, masafa na jina la nchi, ambayo mtu wa pili akija anakuta umeshaketi. Pwani yetu ina ushahidi wake. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya kujitawala, kutoka jukwaa lile la San Marco iliondoka setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksi ya mbinguni peke yake. Kwa heshima ya wenyeji na ya siku hiyo iliitwa Uhuru. Iligundua vyanzo zaidi ya 300, na kazi hiyo ni sehemu ya yale yaliyompa mwanafizikia Riccardo Giacconi Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Jina lilikuwa letu, na bahari na ikweta vilevile. Data ilikwenda kusomwa Massachusetts. Sisemi hivi kwa kumlaumu yeyote, kwa kuwa wakati ule hatukuwa na wataalamu wa fani hiyo wala hatukuiomba data, na kisichoombwa hakiandikwi mkatabani. Roketi ya mwisho iliondoka pale Machi 1988. Makubaliano mapya kati ya Kenya na Italia yaliyotiwa saini mwaka 2016 yametaja waziwazi upatikanaji wa data na mafunzo kwa Wakenya. Yatafute uyasome, uone sentensi zipi zinasema "itatoa" na zipi zinasema "itajitahidi kutoa". Tofauti ya maneno hayo ni kubwa kuliko tofauti ya injini mbili.

Sasa nije kwenye sheria, na usiogope, maana sehemu inayokuhusu ina desibeli, vipimo vya nguvu ya mawimbi, nyingi kuliko Kilatini. Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 unasema katika kifungu chake cha kwanza kwamba uchunguzi na matumizi ya anga za juu ni kwa faida ya nchi zote, bila kujali kiwango chao cha maendeleo ya uchumi au sayansi, na kifungu cha pili kinakataza nchi yoyote kuimiliki sehemu yoyote ya anga hizo. Katiba ya Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, inakwenda hatua moja mbele katika kifungu cha 44, inaposema kwamba masafa ya redio na mizingo ni maliasili yenye ukomo, inayopaswa kufikiwa kwa usawa, huku mahitaji ya nchi zinazoendelea na hali ya kijiografia ya baadhi ya nchi yakizingatiwa. Kwa hiyo usawa umeandikwa. Swali ni namna unavyogawanywa.

Nchi za ikweta zilijaribu njia ya mkato. Mwezi Desemba mwaka 1976, katika mkutano wa Bogotá, Kolombia, nchi za Kenya, Uganda na Kongo zote mbili, moja wakati huo ikiitwa Zaire, zilikuwa miongoni mwa nchi zilizotangaza kwamba kipande cha ule mzingo wa kilomita 35,786 kilicho juu ya ardhi yao ni mali yao. Dai hilo lilikataliwa na wengine, na kwa maoni yangu lilistahili kukataliwa, kwa kuwa linagongana na kifungu cha pili nilichokutajia. Hata hivyo kelele zile zilizaa kitu. Mwaka 1988 ITU ilipitisha mpango ambao kila nchi mwanachama, tajiri kwa maskini, ilitengewa angalau nafasi moja kwenye mzingo ule pamoja na masafa yake, iwe ina setilaiti au haina. Hiyo ndiyo sura ya kwanza ya usawa: fungu lililohifadhiwa, kama sahani ya mgeni inayofunikwa kawa mpaka afike.

Sura ya pili ni ya anayetangulia. Nje ya mafungu hayo, kwa masafa mengine na kwa mizingo ya chini yote, nchi hupeleka maombi, huandikiwa tarehe, na atakayekuja baadaye ndiye atakayelazimika kuthibitisha kwamba mawimbi yake hayatamsumbua aliyemtangulia. Utaratibu huo una mantiki ya kihandisi, kwa kuwa huzuia nafasi kukaa bure, lakini huwapendelea wenye haraka na fedha. Tonga, ufalme mdogo wa visiwa huko Pasifiki, iliuelewa mapema kuliko wengi: mwishoni mwa miaka ya 1980 iliomba nafasi 16 za mzingo wa ikweta ili izikodishe, wakubwa wakapiga kelele, na mwishowe ikaambulia chini ya nusu yake. Mwaka 2019 SpaceX, kupitia Marekani, iliomba kuongezewa setilaiti 30,000 juu ya zile 12,000 hivi ilizokwisha kuzipangia, na kufikia mwaka 2025 zake zilizokuwa angani zilizidi 7,000. Mwaka 2021 Rwanda nayo ilipeleka maombi ya setilaiti zaidi ya 327,000, na watu wakacheka. Mimi sikucheka, ingawa sikuamini kwamba zote zitajengwa, kwa sababu maombi yenyewe yalionyesha kwamba Kigali kuna mtu aliyesoma kanuni mpaka mwisho. Ili kupunguza setilaiti za karatasi, yaani zinazoombewa nafasi bila kujengwa, mkutano wa ITU wa mwaka 2019 uliweka ngazi: baada ya ile miaka saba ya kawaida ya kuanza kutumia masafa, mwenye kundi kubwa la setilaiti lazima awe amefikisha asilimia 10 ndani ya miaka miwili, 50 ndani ya mitano na zote ndani ya saba, la sivyo haki yake hupunguzwa kulingana na alichokirusha.

Lakini ninachotaka ukishike zaidi ni kilichotokea kwa ile sahani iliyofunikwa kawa, hasa kwa mafungu ya utangazaji wa setilaiti, yaliyohifadhiwa kwa mpango wake wa aina hiyohiyo. Kila wiki mbili ofisi ya redio ya ITU huchapisha waraka wenye maombi mapya kutoka nchi mbalimbali. Ndani yake yumo jirani anayetaka kuiweka setilaiti yake nyuzi chache tu kutoka kwenye nafasi ya utangazaji uliyohifadhiwa wewe, kwa nguvu fulani na kwa antena fulani. Nchi yako inapaswa kuufungua waraka huo, kuchukua takwimu za jirani, kukokotoa kiasi cha mwingiliano utakaoingia kwenye mawimbi yako, na kujibu. Kwa miaka mingi kanuni ya mafungu ya utangazaji ilikuwa kwamba usipojibu ndani ya miezi minne unahesabiwa umekubali, kama vile kimya cha mwari mbele ya kadhi. Nchi nyingi maskini zilinyamaza. Wahandisi wa kukokotoa hawakuwapo, au walikuwapo lakini waraka uliishia kwenye meza nyingine. Jirani mmoja akaingia, akaja wa pili, na kila mmoja akaongeza mwingiliano kidogo, mpaka zile nafasi zilizoandikwa kwa jina la nchi zikawa kama shamba lililo kwenye hati lakini lisilofikika kwa njia yoyote. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 2019, huko Sharm el-Sheikh, Misri, mkutano uleule wa ITU ulifungua dirisha maalumu ili nchi ambazo kinga ya nafasi zao ilikuwa imechakaa ziombe nafasi mpya kwa kipaumbele, na nchi nyingi za Afrika zikajitokeza kwa pamoja.

Kwa hiyo ukiniuliza ni nani alitunyang'anya, nitakujibu kwamba kwa sehemu kubwa hakuna aliyekuja na bunduki. Barua ililetwa, haikujibiwa. Na aliyepaswa kuijibu hakuwa mwanasheria, kwa kuwa jibu lake ni hesabu ya uwiano wa mawimbi yanayotakiwa kwa yasiyotakiwa, umbo la mwale wa antena, upotevu wa nguvu njiani na mvua ya ukanda wetu wa tropiki, ambayo mifano iliyotungwa kwa hali ya hewa ya Ulaya huipunja. Hayo yote unayasoma mwaka wa tatu na wa nne.

Nikupe kisa kimoja kutoka kazini. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa na timu ya chuo kimoja, ambacho sitakitaja, iliyokuwa imetengeneza setilaiti ndogo ya kukusanya vipimo vya kina cha mito kutoka kwenye vifaa vilivyofungwa madarajani, kwa mpango wa kuwauzia vipimo hivyo watu wa umwagiliaji. Kazi ya mikono ilikuwa safi, waya zimefungwa kwa mpangilio ambao ungependeza hata kwenye kiwanda kikubwa. Niliuliza redio inazungumza kwa masafa gani, wakanijibu megahezi 437. Nikauliza nani aliwapa. Wakatazamana. Redio ilikuwa imenunuliwa ng'ambo ikiwa imeshapangwa hivyo, na kwa kuwa timu nyingi za vyuo duniani hutumia masafa hayo, walidhani ni ya kila mtu. Eneo hilo, kati ya megahezi 435 na 438, ni la redio za ridhaa, yaani za watu wanaowasiliana kwa kujifunza na kujifurahisha. Huruhusiwi kulitumia kwa biashara, na hata wa ridhaa wenyewe huratibiwa kwanza na umoja wao wa kimataifa kabla nchi haijawaandikisha ITU. Kubadilisha redio kulimaanisha kubadilisha antena, na antena mpya haikuingia mahali pa ile ya zamani, na barua ya mamlaka ya mawasiliano ilihitaji miezi ambayo haikuwapo. Nafasi kwenye roketi ikapita. Mara ya mwisho nilipokitembelea chuo hicho, setilaiti ilikuwa kwenye kabati la vioo, ndani ya ule mfuko wa waridi wa kuzuia umeme tuli, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alikuwa akiwaeleza wageni kwamba ni mfano wa kuonyesha.

Linganisha na 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoachiwa kutoka kwenye kituo cha anga cha kimataifa tarehe 11 Mei 2018 kupitia mpango wa KiboCUBE, ambao Umoja wa Mataifa na Japani huutumia kuzipa nchi zinazoendelea nafasi ya bure. Ilikuwa ya kwanza kabisa kunufaika na mpango huo, na Mauritius ilifuata kwa njia hiyohiyo mwaka 2021; Uganda ilifika mwaka 2022 kwa mlango mwingine, mafunzo ya Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu. Usizidharau njia hizi kwa kuwa ni za kusaidiwa. Thamani yake ni kwamba zinakulazimisha kuyapitia makaratasi yote, kuanzia masafa hadi uandikishaji wa chombo, mkono wako ukiwa umeshikwa.

Kuna upande mwingine wa usawa ambao vijana huusahau, nao ni wa wanaoangukiwa. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 hivi na uzito wa kilo zipatazo 500 ilianguka katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni. Kwa bahati nzuri hakuna aliyejeruhiwa. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilieleza kwamba kwa tathmini ya awali ni pete ya kutenganisha vipande vya roketi. Mkataba wa dhima wa mwaka 1972 unasema kwamba nchi iliyorusha hulipa madhara yaliyotokea ardhini hata kama haikuzembea. Ndivyo Kanada ilivyopata dola zake milioni 3 kutoka kwa Wasovieti mwaka 1981, baada ya setilaiti yao Cosmos 954 kumwaga takataka za nyuklia kwenye ardhi yake mwaka 1978. Lakini kabla hujamdai mtu lazima ujue ni cha nani. Kwa kipande cha chuma kisicho na maandishi, ushahidi ni hesabu ya mzingo: kilikuwa wapi siku zilizotangulia, na kinaoana na roketi ipi. Orodha kubwa ya vitu vilivyoko angani hutunzwa na jeshi la Marekani, na sisi huisoma wanapoitoa. Nchi isiyo na darubini wala rada zake za kufuatilia mizingo huenda kwenye madai ikiwa na mlalamikiwa ndiye shahidi wake. Ukumbuke pia kwamba mkataba huohuo unaihesabu kuwa "nchi iliyorusha" hata ile ambayo ardhi au jukwaa lake limetumika, kwa hiyo siku Ngomeni itakapofufuliwa, Kenya itabeba dhima pamoja na mwenye roketi. Wanaopigia debe bandari mpya za roketi katika ukanda wetu huwa hawaanzii hapo, na ningependa waanzie hapo.

Kuhusu kusoma ng'ambo, nenda ukipata nafasi, lakini ujue milango ilivyo. Marekani ina kanuni za kudhibiti usafirishaji wa teknolojia za silaha, na roketi zimo humo. Mtu asiye raia, mkaazi wa kudumu au mkimbizi aliyekubaliwa kisheria hufungiwa maabara nyingi na ajira nyingi, hata awe amefaulu kuliko wote. Mwaka 2014 setilaiti nyingi za kibiashara zilihamishiwa kwenye orodha nyepesi zaidi, lakini kwa roketi ukuta ungali palepale. Nimewaona vijana wetu wawili watatu waliomaliza shahada za mwendo wa roketi huko, wakajikuta wanafanya kazi za benki. Japani, Italia na nchi kadhaa za Ulaya zimekuwa na milango mipana kidogo kwa watu wetu, na Taifa-1 yenyewe ilijaribiwa Bulgaria pamoja na kampuni ya huko. Ukichagua fani, chagua redio na vituo vya ardhini, au ufuatiliaji wa mizingo. Humo hutafungiwa sana, na ndimo mlimo na meza tupu nyumbani.

Kwa mradi wako wa mwaka wa nne nina pendekezo moja. Usibuni roketi. Buni kundi dogo la setilaiti za mzingo wa chini wa ikweta, wenye mwinamo usiozidi nyuzi 3, kwenye kimo cha kilomita 600. Malaysia ilijaribu mzingo wa karibu na ikweta kwa RazakSAT mwaka 2009, na Singapore ikafanya hivyo kwa TeLEOS-1 mwaka 2015, kwa sababu nchi za ikweta hufunikwa na mawingu mara nyingi na zinahitaji setilaiti inayorudi mara nyingi ndani ya siku moja. Setilaiti moja ya mzingo huo itapita juu ya Malindi mara 13 au 14 kwa siku, na katika kila mzunguko itapita pia juu ya Kampala, juu ya Kongo, juu ya Gabon na juu ya Amazoni. Sura za kwanza zitakuwa rahisi kwako: mzingo, umeme, joto, uwezo wa kiungo cha redio. Sura ya tano iwe fomu ya maombi ya ITU yenyewe, ukiwa umeijaza kila kisanduku kwa takwimu zako, na sura ya sita iwe hesabu ya mwingiliano kati ya kundi lako na setilaiti za kimo cha kilomita 35,786, ambazo kwetu sisi watu wa ikweta hupanga mstari utosini kabisa, mahali palepale ambapo antena yako ingependa kutazama. Msimamizi wako huenda akasema sura hizo mbili si uhandisi. Muulize kwa adabu ni nani nchini anayezijua, kisha umpelekee barua Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya kuomba kukaa nao wakati wa likizo, katika dawati linalopokea ule waraka wa kila wiki mbili. Ukipata nafasi hiyo, anza na matoleo ya miezi minne ya karibuni, utazame ni maombi mangapi yanaigusa nafasi yetu na mangapi yameshajibiwa.